Ng'ombe ya Rael, Chapa ya Mheshimiwa

Na wasituletee ile ya "haikuwa makusudi." Tumeisikia wiki nzima na tumechoka nayo. Haikuwa makusudi ni kukanyaga mavi ya ng'ombe ukienda kanisani na viatu za Jumapili. Lakini ukichukua chuma, ukaiweka kwa moto mpaka ikawa nyekundu kama macho ya mlevi, ukashikiwa ng'ombe na wanaume wazima, ukaichoma kwa paja huku maiki imewashwa na uwanja mzima unapiga makofi, na hiyo ng'ombe ni ya mtu mwingine, hapo umekusudia. Labda hukujua unakusudia nini. Lakini umekusudia.

Mwenye ng'ombe anaitwa Rael. Kama unaishi hapa mtaani West Indies na unakunywa chai ya maziwa, basi unamjua, hata kama hujui unamjua. Ni yule mama wa Kapseret anayeletwa na boda asubuhi, mitungi ya maziwa imefungwa huku na huku, yeye amebanwa katikati na sweta yake ya kijani. Habishi hodi. Anagonga mtungi na kifuniko mara moja, anangoja. Ukichelewa kutoka na sufuria, ameenda. Kuna mwalimu mmoja aliwahi kumwambia, "Mama, leo maziwa ni kama imesalimiana na maji." Rael hakubishana. Alimwaga ile maziwa yote kwa mtaro, hapo mbele ya mlango, akamwambia, "Sasa kamua mtaro." Mpaka leo huyo mwalimu anakunywa chai ya rangi.

Hivyo ndivyo alivyo. Hasira yake iko hapa karibu, kwa mlango. Huruma iko nyuma ya nyumba, lazima uitafute. Bwana yake alipokufa, watoto wakiwa bado wa kubebwa, mashemeji walikuja na mipango yao ya kugawana shamba. Walimkuta amekaa kwa ngazi ya jikoni ananoa panga. Hakusema neno baya. Alisema tu panga limekuwa butu, karibuni chai. Walikunywa chai, wakasifu chai, wakaenda, na ule mgao haujawahi kutajwa tena.

Kitu bwana yake alimwachia cha maana ilikuwa ndama moja wa kike, mweupe, mabaka mekundu shingoni. Huyo ndama alizaa, na aliyezaliwa akazaa, na mwishowe akaja Chelel, yaani yule mweupe. Sasa elewa vizuri, kwa sababu kuna watu wanasema "si ana ng'ombe zingine." Anazo, ndio. Kuna moja mzee sana, imestaafu, inakula na kutazama ndege zikitua. Kuna mtamba bado hajazaa. Anayejaza ile mitungi ni Chelel peke yake. Karo ya watoto inatoka kwa Chelel. Mabati mapya yametoka kwa Chelel. Chelel akiondoka, Rael hana kazi, hana jina West Indies, na wale mashemeji watakumbuka ghafla kwamba wana ndugu Kapseret.

Sasa tuje kwa Gideon. Kuna watu wa mpira, kuna watu wa pombe, Gideon ni mtu wa kamati. Ana duka la dawa za mifugo lakini utamkuta hapo mara chache, kwa sababu kila mahali watu watatu wamesimama pamoja, yeye anawafanya kamati na anakuwa mwenyekiti. Mwaka huu alipata wazo. Siku ya Urithi wa Ranchi na Chapa za Ng'ombe. Watu wakumbuke zamani, wazee waheshimiwe, vijana wajifunze. Nani atapinga? Ukipinga unaonekana unachukia babu yako.

Akaenda kwa Rael na fulana ya kamati ameshaivaa, imeandikwa URITHI WETU, CHAPA YETU, na tumbo ikasukuma herufi mpaka URITHI ikawa pana kuliko CHAPA.

"Mama, tunataka vitu mbili kwako," akasema. "Ile chuma ya chapa ya marehemu baba yako. Na Chelel. Asimame kwa zizi ya maonyesho, watu waone ng'ombe ya maziwa inavyokaa."

"Atasimama tu?"

"Kusimama tu. Kama malkia."

"Na malkia atakula nini huko?"

"Kamati itashughulikia."

"Kamati yenu haijawahi kushughulikia hata choo ya kanisa."

"Mama, wewe nawe!" Gideon akacheka kile kicheko cha mtu anayetaka kitu.

Rael alikubali kwa sababu ya ile chuma, si kwa sababu ya Gideon. Baba yake alichunga ng'ombe za kaburu maisha yake ya ujana, huko tu juu ya barabara, wakati hii nchi yote ilikuwa ranchi za watu weupe. Alizishika miguu zikichomwa chapa ya kaburu, akanuka moshi wa chapa ya kaburu, na yeye mwenyewe hakukubaliwa kufuga zaidi ya chache, zisije zikachanganyika na za bwana mkubwa. Ndio urithi tunaosherehekea huo, msisahau. Siku alipopata kipande chake cha ardhi, kitu cha kwanza alifanya, kabla hata ya kuezeka nyumba, alichukua bawaba ya geti la zamani, akapeleka kwa mhunzi, ikapindwa ikawa nusu mwezi. Hiyo ndiyo ilikuwa chapa yake. Rael anayo mpaka leo, ingawa yeye hachomi ng'ombe za maziwa. Anasema ng'ombe inayojua sauti yako haihitaji kuchomwa. Anakata tu alama ndogo kwa sikio, basi.

Kwa hivyo Chelel alikuwa na sikio limekatwa, na paja safi kabisa. Paja safi, hapo ndio shida iliingilia.

Wiki ya sherehe, Rael akipeleka maziwa West Indies, akakutana na Oyugi ametoka na sufuria huku anacheka peke yake. Oyugi ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yake iko Kiplombe, mageti mengi mazuri ya huko ni mkono wake.

"Mama Rael, nimepewa kazi sijawahi kuona," akasema. "Kamati ya Gideon. Ati nitengeneze chuma za chapa, za koo mbalimbali, halafu nizizeeshe."

"Uzizeeshe?"

"Zikae za babu. Nimezilaza kwa maji ya chumvi na mkojo wa ng'ombe. Zilizaliwa Jumanne. Kufika Jumamosi zitakuwa na miaka mia."

Rael akacheka mpaka maziwa ikamwagika. "Na ya nani na nani?"

"Kuna ya Mheshimiwa Collins. Herufi zake mbili, mkuki katikati."

"Ukoo wa Collins wana chapa? Babake si alikuwa anauza viatu za mitumba pale sokoni? Nilinunua kwake hata za shule."

"Usiniulize mimi, mimi ni mtu wa ziwa," Oyugi akasema. "Sisi tunachoma samaki, lakini hatumwandiki jina."

Huyu Collins, kwa wasiomjua, anaitwa Mheshimiwa lakini hajawahi kuchaguliwa hata kiranja wa darasa. Ameanza tu kuitwa, na yeye hakukataa. Ana ranchi mpya huko nyuma ya uwanja wa ndege, geti kubwa, ng'ombe za kununua, na kura ikikaribia amegundua kwamba yeye ni mfugaji tangu tumboni mwa mamake.

Siku yenyewe ikafika. Hema nyeupe, viti vya plastiki, spika kubwa kuliko hekalu. Nusu ya wanaume walikuja na kofia za kaboi kutoka mitumba. Babu zetu walivaa ngozi na blanketi, lakini sisi urithi wetu umetoka Texas, ni sawa. Kwa meza ya maonyesho, zile chuma za Oyugi ziko mbele, zimepangwa juu ya kitambaa chekundu, kila moja na karatasi: "Chuma ya kale sana." Watu wanapiga nazo picha. Mama mmoja aligusa moja akafunga macho, ati anahisi wazee. Na nusu mwezi ya baba ya Rael? Ilikuwa huko mwisho, imewekwa juu ya pembe ya kitambaa ndio upepo usikipeperushe.

Rael aliiona. Akasema kimoyomoyo, leo sitaki kugombana. Hiyo ndiyo siku pekee maishani mwake amesema hivyo, na angalia alivyolipwa.

Programu ilikuwa hivi. Mheshimiwa angechoma ng'ombe chapa mbele ya watu, kama zamani. Kwa hiyo kazi kulikuwa na dume limetengwa, limefungwa nyuma ya hema la jikoni. Dume lingine lilikuwa la kuliwa. Mpango mzuri, hata mtoto angeuelewa. Lakini Mheshimiwa akaja na malori mawili ya vijana wa kumshangilia, na hao vijana hawakuwa wamekula tangu waanze kumshangilia. Nyama ikaisha watu bado wako kwa foleni. Wapishi wakaangaliana. Wakaangalia lile dume la chapa. Hakuna aliyetaka kwenda kumwambia mwenyekiti, kwa sababu kwetu habari mbaya hupelekwa na yule mwingine.

Gideon alijua mambo yameharibika chuma ikiwa tayari kwa moto.

"Ile dume ya chapa iletwe sasa," akamwambia mpishi. "Iko wapi?"

Mpishi akaangalia sahani iliyokuwa mkononi mwa Gideon.

"Mwenyekiti," akasema, "si hiyo unatafuna."

Mtu wa kawaida hapo anafanya nini? Anashika maiki anasema, ndugu zangu, ng'ombe ya chapa tumeila, tuendelee na nyimbo. Watu wanacheka, siku inaisha. Lakini mtu wa kamati hawezi kukubali mbele ya mgeni kwamba kitu kimekosekana. Mheshimiwa ameshavaa glavu. Simu zote ziko juu. Gideon akazungusha macho zizini. Mbuzi wapo, lakini nani atapiga makofi kwa mbuzi? Punda yupo. Na Chelel yupo, ameoshwa, anang'aa, paja safi kama ukuta mpya.

"Na sasa!" Gideon akapiga kelele kwa maiki. "Ng'ombe ya jamii!"

Rael hakuwepo. Alikuwa ameenda kutafuta maji ya huyo malkia, kwa sababu kamati, kama alivyosema, haikushughulikia. Alizunguka mpaka bomba la shule, akajaza ndoo, akarudi polepole isimwagike. Akasikia makofi. Halafu akasikia sauti ya Chelel, na hiyo sauti hajawahi kuisikia tangu amzalishe kwa mikono yake. Halafu harufu ya nywele inaungua.

Alifika kwa kamba ya zizi moshi bado unapanda. Herufi mbili na mkuki katikati, mbichi, nyekundu. Ndoo ikaanguka. Rael akafungua mdomo, na wote tunajua mdomo wa Rael, ule mdomo ungepasua uwanja vipande viwili.

Lakini Mzee Kipyego alikuwa ameshasimama.

Hapa ndio lazima mtu asiye wa huku aelezwe, asije akamwita Rael mwoga. Mzee akisimama kubariki, na majani mkononi na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kuganda, hakuna mtu anaongea. Hata mtoto ananyonya kimya. Ukirusha neno katikati, unaikata baraka, na baraka iliyokatwa haijulikani itaangukia wapi. Inaweza kuanguka kwa watoto wako. Rael amelelewa hivyo. Huyu mzee ni rika la baba yake. Yule mwanamke aliyenolea mashemeji panga akafunga mdomo wake na mikono yote miwili, machozi yakipita katikati ya vidole.

"Chapa hii ipate majani," Mzee akasema.

Uwanja mzima ukaitikia.

"Chapa hii ipate maji."

Wakaitikia.

"Mwenye chapa awe na ng'ombe, na ng'ombe awe na mwenye chapa."

Wakaitikia tena, kwa nguvu zaidi, midomo ikinuka dume. Majirani wa Rael walikuwepo. Watu wa kwaya yake. Watu walioazima kwake maziwa ya mtoto wakati mtoto anaumwa. Wote wanamjua Chelel kwa jina. Waliitikia kama hawajawahi kumwona. Mzee akatema mursik kwa paji la Chelel, akatema kwa kidonda, akatema kwa mikono ya Mheshimiwa. Ikaisha.

Mheshimiwa akashika maiki. Ndege ikapita juu, akangoja ipite, akaangalia mbinguni kama mtu anayewaza mambo makubwa. "Nimeguswa," akasema. "Nilikuja kuwaona tu. Mmenipa ng'ombe. Sitawasahau."

Halafu muziki. Spika zote. Rael akapiga kelele, na hakuna aliyesikia, au walisikia wakajifanya ni sehemu ya wimbo. Pikapu ya Mheshimiwa, ile ya vyuma pande zote, ikarudi nyuma mpaka zizini. Rael alimfikia Gideon akamshika ile fulana kwa shingo.

"Hiyo ni ng'ombe yangu!"

"Mama, polepole. Usituaibishe mbele ya mgeni. Tutakaa chini tuongee."

"Kaa chini wewe! Mimi nimesimama na ng'ombe yangu!"

"Lakini Mama," Gideon akasema, na hii ndiyo imemfanya Rael asilale mpaka leo, "si ulikuwa hapo Mzee akibariki? Si ulinyamaza?"

"Ulitaka niongee?"

Gideon akainua mabega. Yaani ukiongea umekata baraka, na ukinyamaza umekubali. Safi sana. Mtego ambao hata panya angeupigia makofi. Na Chelel akapandishwa, akaondoka akitazama nyuma, na wale vijana wa lori wakaimba.

Kesho yake Rael akaenda geti la ranchi. Askari alimwambia Mheshimiwa hayupo. Rael akakaa chini kwa nyasi, akatoa kitambaa chake cha kushona, akaanza kushona. Ilipofika mchana Mheshimiwa ambaye hayupo akatoka.

"Mama, mimi sikuiba," akasema, na lazima tuseme ukweli, alisema kwa adabu. "Nilipewa."

"Na nani?"

"Na jamii."

"Huyo Jamii ni nani? Huwa anakamua saa ngapi?"

"Mama, nielewe. Ng'ombe imebarikiwa mbele ya watu. Nikiirudisha kimya kimya, watasema nimekataa baraka ya wazee. Na unajua mwaka unaokuja ni wa nini."

"Ni wa kukamua, kama huu."

"Wazee wakisema si yangu, nitarudisha," Mheshimiwa akasema. "Wakisema hadharani, siku hiyo hiyo. Lakini lazima waseme." Akamwita mtu alete fulana na sukari ampe Mama. Rael akamwambia hiyo fulana amvalishe Chelel, labda atajua yuko kwa nani.

Alipokuwa anaondoka alimsikia. Chelel, huko ndani, analia kile kilio cha kiwele kimejaa. Rael akasimama. Akageuka kwa yule askari, ambaye hana makosa, ni mtu wa kazi yake, akamwambia, "Mwambie anayemkamua asimvute kwa nguvu. Chuchu ya nyuma ilikuwa na kidonda. Aanze na maji ya moto." Halafu akatembea mpaka barabara kubwa bila boda, ili asije akalia mbele ya mtu.

Kutoka hapo akaenda kwa Mzee Kipyego. Alimkuta anaota jua, kibuyu kimening'inizwa ukutani.

"Mzee, umebariki ng'ombe yangu ikaenda."

"Nilibariki kilichowekwa mbele yangu, binti."

"Na hukumjua? Ile mursik ulitema, maziwa yake ilitoka kwa nani? Si mimi nilikuletea? Umemtemea Chelel maziwa yake mwenyewe, ukampeleka kwa mtu!"

Mzee akageukia kibuyu chake ukutani. Kuku wakapita. Macho yake siku hizi ni ya moshi, na hiyo Rael anajua, na hakutaka kuitaja kwa sababu bado ana heshima hata akiwa amewaka.

"Baba yako," Mzee akasema mwishowe, "angenipiga fimbo."

"Angekupiga."

"Sikiliza. Mate yakitoka mdomoni hayarudi kwa sababu mtu mmoja amelia. Baraka haikuwa yangu peke yangu. Mimi nilisema, watu wakaitikia, ndio ikashika. Basi wale walioitikia ndio wanaweza kuifungua. Nitaita kokwet. Majirani wote wakae, na wale walioitikia wasimame waseme kwa midomo yao wenyewe: ile ng'ombe haikuwa ya jamii, ilikuwa ya Rael, tuliitikia vibaya. Wakisema, nitasimama na majani, niite baraka irudi nyumbani. Collins ataileta, hawezi kulala na ng'ombe yenye maneno."

"Na wakinyamaza?"

"Wakinyamaza, mimi ni mzee mmoja na kibuyu."

Basi Rael akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Na hapa ndio utajua majirani. Mama wa kwaya akamshika mikono yote miwili akamwambia waiombee hiyo ng'ombe. Waiombee! Chelel si mgonjwa, Chelel ameibiwa! Jirani wa upande wa chini akasema yeye hakuitikia, alikuwa anapiga miayo tu. Mwingine mtoto wake ameahidiwa kazi ya geti kwa Mheshimiwa, kwa hivyo siku ya kokwet atakuwa na mgongo unauma. Anajua kabisa mgongo utauma siku gani. Gideon naye akatuma ujumbe kwa kundi la simu: "Tudumishe umoja. Tusiruhusu mambo madogo yatugawanye." Mambo madogo yana pembe mbili na kwato nne, mwenyekiti.

Ni Oyugi tu alisema ndiyo bila kupepesa macho, tena hakuitwa, alisikia mwenyewe akaja mpaka Kapseret na pikipiki yake.

"Lakini mimi si wa hapa, Mama," akasema. "Nitasikilizwa?"

"Uliitikia?"

"Kuitikia sikujua maneno. Lakini makofi nilipiga, tena nilipiga nikijua chuma ni yangu ya Jumanne. Hayo makofi nitayasimamia."

Rael akamkaribisha chai. Ilikuwa ya rangi. Ilimuuma kuitia kwa kikombe, mgeni kwa boma lake anywe chai nyeusi, kitu hakijawahi kutokea tangu baba yake apate ardhi. Oyugi akanywa yote, akasema ni tamu. Alikuwa anadanganya, na Rael alimpenda kwa huo uongo kuliko ukweli wote wa kwaya.

Sasa asubuhi West Indies ni kimya. Watu wananunua maziwa ya pakiti, wanalalamika haina krimu, wanauliza yule mama wa sweta ya kijani alienda wapi. Hajaenda popote. Yuko kwake anaamka saa ile ile, anachemsha maji ya kuosha kiwele, halafu anakumbuka.

Kwa hivyo tuache kuzungushana. Kokwet inakaa Jumamosi saa nne asubuhi, uwanja ule ule. Kama ulikuwepo siku ile na uliitikia, ulijua ng'ombe ni ya nani, na hata nyama uliyokula haikukufanya usijue. Hatutaki maombi yako. Hatutaki pole yako kwa simu. Mgongo ukiuma, kuja nao. Simama mbele ya Gideon, mbele ya Mheshimiwa, toa sauti ile ile uliyoitikia nayo, na useme: ng'ombe ni ya Rael.